Jina la Pili kwenye Fomu

Orodha ya wagombea wa chama inafika usiku kutoka Kinshasa, picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, imekaa upande. Unaikuza kwa vidole viwili. Jina lako limo. Jina la mwenzako, aliyekuwa akizunguka Kimemi na Mususa, mjini Butembo, tangu mwaka jana akisema nafasi hii ni yake, halimo. Kabla hujalala, watu wako wameshaimba, na watu wake wameshasema kwamba umenunua. Asubuhi utakuwa mbele ya fomu ya tume ya uchaguzi, CENI, na chini ya jina lako kuna nafasi mbili tupu. Ninaandika kwa ajili ya nafasi hizo mbili, maana nimeona zikijazwa kwa dakika tano na kulipiwa kwa miaka mitano.

Wenzetu wa Kenya na Tanzania wana mgombea mwenza wa urais. Sisi hatuna. Katiba yetu ya 18 Februari 2006 haikuweka makamu wa rais. Pengine nchi ilikuwa imeshachoka na wale wanne wa kipindi cha mpito, 2003 hadi 2006, Bemba, Ruberwa, Yerodia na Z'ahidi Ngoma. Kiti cha rais kikibaki wazi, anayekishika kwa muda ni rais wa Seneti. Mwenza wa Kikongo yuko ngazi za chini. Kuna makamu gavana, anayepigiwa kura na wabunge wa mkoa kwa pamoja na gavana, jozi moja. Na kuna masuplea, yaani wabadala wawili wa kila mgombea ubunge, wa taifa au wa mkoa. Jozi ya gavana huku kwetu imelala: tangu 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 gavana, ambaye ni jenerali aliyeteuliwa, anafanyia kazi Beni. Kwa hiyo mtu wa Butembo au Beni anayejiandaa kwa 2028, kazi iliyo mikononi mwake leo ni kuchagua suplea, wa kwanza na wa pili. Yatakayosemwa hapa yatamfaa pia yule atakayesaka makamu gavana siku Bunge la mkoa litakapopiga kura tena.

Chukua daftari kabla hujamwita mtu yeyote, uandike kiti chako kinaweza kubaki wazi kwa njia gani. Kifo kinakuja kwanza, na tusikione aibu. Huku tunazika kila wiki. Ukifa, suplea wa kwanza anaingia na kubaki hadi mwisho wa muhula. Njia ya pili ni uteuzi. Ukipewa uwaziri, ubunge wako unasimamishwa na suplea anakaa kitini. Zamani mbunge aliyeteuliwa alikuwa amekipoteza kiti moja kwa moja. Marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yakabadilisha: ukiondolewa serikalini unarudi bungeni kwa haki kamili, na suplea anatoka. Umeona ugumu uliomo? Mtu amekaa miaka miwili, amezoea kuitwa Onorabule, amepanga nyumba Kinshasa, watoto wameanza shule, halafu amri inasomwa kwenye televisheni usiku na asubuhi yeye si mbunge tena. Hilo umwambie leo, kwa maneno haya haya, kabla hajatia sahihi.

Njia ya tatu inaguswa na watu wachache, nayo ndiyo inayowahusu waliotoka kwenye ugomvi. Kifungu cha 110 cha Katiba kinasema mbunge anayekiacha chama chake kwa hiari katikati ya muhula anahesabiwa ameuacha ubunge. Kinaendelea kusema kwamba usuplea nao unapotea vilevile. Ukimchukua mpinzani wako wa jana kuwa suplea, kisha hasira zikamrudia akahamia chama kingine, amejifungia mlango mwenyewe. Na ukihama wewe, yeye akabaki, umemwachia kiti. Msome kifungu hicho pamoja, mezani, kwa sauti. Anayekataa kukisoma ameshakujibu.

Sasa swali lenyewe. Je, yule uliyemshinda ndiye wa kuandikwa kwenye nafasi ya kwanza?

Wengi watakwambia ndiyo, mara moja, kwa sababu jambo linaonekana la amani: aliyeshindwa apewe cha pili, watu wake watulie. Mimi nasema ngoja. Swali la kumpima si kwamba amekasirika kiasi gani. Ni hili: ukifa Jumatatu, je, Jumanne watu wa Bulengera kule Butembo au wa Mulekera kule Beni watakuwa na mbunge? Kama jibu ni ndiyo, mchukue hata kama alikutukana redioni. Kama jibu ni hapana, usitumie kiti cha wananchi kulipa deni lako la siasa. Mtafutie heshima nyingine: kuongoza kampeni, kukaa kwenye uongozi wa chama mjini, kupewa kipaumbele muhula ujao kwa makubaliano yaliyoandikwa na kushuhudiwa. Usuplea unaotolewa kama plasta kwenye kidonda hauponyi, na kila mtu anajua ni plasta, yeye wa kwanza.

Tulijifunza hili kwa gharama kubwa, na si kwenye ubunge. Tarehe 11 Novemba 2018 vigogo saba wa upinzani walikutana Geneva kumchagua mgombea mmoja wa urais. Akatoka Martin Fayulu, jina ambalo wengi hawakulitarajia. Karatasi ikatiwa sahihi, picha zikapigwa. Siku moja haikuisha: Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Fayulu akabaki na muungano wa Lamuka, na Mbusa Nyamwisi, mwanasiasa wa huku kwetu, alikuwa miongoni mwa vinara wake. Mimi sidhani kosa la Geneva lilikuwa jina. Mkataba uliandikwa mbali na watu waliotakiwa kuubeba. Wanaharakati wa chama cha Tshisekedi huko Limete, Kinshasa, hawakuwa chumbani, na mtu ambaye hakuwa chumbani haoni sababu ya kulinda karatasi.

Tarehe 23 Novemba, Nairobi, wawili wale waliojitoa wakaandika mkataba wao. Tshisekedi agombee, Kamerhe amuunge mkono, na wakishinda awe waziri mkuu. Tshisekedi akaapishwa 24 Januari 2019. Lakini wingi wa viti bungeni ulikuwa wa kambi ya Joseph Kabila, rais aliyetoka, na waziri mkuu hutoka kwenye wingi. Uwaziri mkuu ukaenda kwa Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Kamerhe akawa mkurugenzi wa ofisi ya rais. Ahadi ilikuwa imetolewa juu ya kitu ambacho aliyeahidi hakuwa nacho mfukoni. Ukikaa na mwenzako, tenganisha kwa mstari mambo yaliyo mikononi mwako na yale yaliyo mikononi mwa wengine. Usuplea uko mikononi mwako. Ofisi ya mbunge mjini, nani ataiongoza, nani ataajiriwa, iko mikononi mwako. Uwaziri wa mkoa, umeya, ukurugenzi wa shirika la serikali, hivyo viko kwa wengine. Usiviweke mezani hata kwa kunong'ona.

Na hapa Beni na Butembo tuna somo letu wenyewe kutoka mwaka ule. Tarehe 26 Desemba 2018, zimebaki siku nne, CENI ikatangaza kwamba sisi na Yumbi hatutapiga kura tarehe 30: sababu Ebola, sababu usalama. Ebola ilikuwa imetangazwa Agosti kule Mangina, na watu walikuwa wakienda sokoni na kanisani kila siku, wakinawa mikono mlangoni. Beni waliamka tarehe 30 wakajipangia vituo vyao, wakanawa, wakasimama mstari, wakapiga kura ambayo haikuhesabiwa na mtu. Kura ya rais ikatupita. Ya wabunge ilikuja 31 Machi 2019. Hebu fikiri maana yake kwa mgombea: nchi nzima imemaliza, fedha zako zimeisha, na una miezi mitatu mingine ya kushikana na mwenzako, huku kila kambi ikimnong'oneza mtu wake kwamba mwenzake ameshauza. Jozi nyingi zilizofungwa kwa bahasha hazina uzi wa kuvumilia hivyo. Unapomchagua mtu leo, jiulize kama mnaweza kuvumiliana muda huo wa ziada, bila fedha.

Majirani wametufundisha pia. Kenya 2022, wabunge wengi wa Mlima Kenya waliripotiwa kumpendelea Kithure Kindiki. William Ruto akamtangaza Rigathi Gachagua kuwa mgombea mwenza tarehe 15 Mei, mtu mwenye nguvu ya mtaani na kura za nyumbani. Walishinda. Oktoba 2024 Bunge likapiga kura ya kumwondoa Gachagua, Seneti ikathibitisha, na aliyeapishwa tarehe 1 Novemba kuchukua nafasi yake ni yule yule Kindiki. Aliyekufaa kwa kampeni ya miezi mitatu anaweza asikufae kwa kazi ya miaka mitano.

Tanzania ndiyo inayonigusa zaidi. Julai 2015, Dodoma, CCM ilikuwa na wagombea karibu arobaini. Edward Lowassa akakatwa mapema, akahamia Chadema mwezi ule ule, na chama kikatikisika. John Magufuli alipopitishwa, akamtaja Samia Suluhu Hassan kuwa mwenza. Muungano unadai hivyo: rais akitoka Bara, makamu atoke Zanzibar. Wengi walimwona kama jina la kutimiza sharti la ramani. Tarehe 17 Machi 2021 ikatangazwa kwamba Magufuli amefariki, na siku mbili baadaye Samia akaapishwa kuwa rais. Iwe unaupenda utawala wake au huupendi, kumbuka hesabu hiyo: siku mbili. Waliopiga kura 2020, jozi ile ile iliporudi, walikuwa wanachagua marais wawili, na wengi hawakujua.

Na sisi tuna ramani yetu, wala nisikudanganye kwamba haipo. Butembo watauliza: huyu ni wa Baswagha au wa Bashu? Mkatoliki, Mprotestanti wa CBCA au Mwadventista? Ni mtu wa maduka ya katikati ya mji au wa mashamba ya pembeni? Beni watauliza kama kuna Mmbuba au Mtalinga aliyefikiriwa, au ni Wanande watupu kama kawaida. Kwenye jozi ya gavana swali ni Grand Nord, yaani upande wetu wa Beni na Butembo, na Petit Nord, upande wa Goma. Yajibu maswali hayo kwa heshima, kwa sababu anayeuliza mara nyingi amewahi kuachwa nje. Lakini anza na uwezo, kisha tazama ramani. Ukianza na ramani utapata mtu wa parokia inayofaa asiyejua kusoma muswada wa bajeti, na tuna bajeti za kusoma.

Kuhusu kumwandika mke, mtoto au mdogo wako kuwa suplea. Desturi hii imeenea nchi nzima, sheria haiizuii, na sababu inayotolewa ni uaminifu: "Ndugu hawezi kunitamania kifo." Kwa kweli maneno hayo yananiumiza. Mtu anayeomba kura elfu kadhaa huku haamini hata mtu mmoja nje ya sebule yake anaomba nini? Baada ya ugomvi wa orodha ni vibaya mara mbili. Waliokusindikiza wataona kwamba waligombania ukoo. Kama mama watoto ni mwanasiasa kwa haki yake, ameongoza ushirika, amesimama mbele ya watu kabla yako, mwandike aombe kura kwa jina lake, kwenye nafasi yake.

Halafu tazama mtu anayebaki. Mbunge wetu anapandia ndege Mavivi na kupotelea Kinshasa miezi mitatu. Wakati huo njia ya Oicha inasubiri msafara wa askari, na tangu Kanyabayonga ilipotwaliwa Juni 2024 njia ya Goma si njia tena. Vijana wa parlement debout, kijiwe cha siasa cha Furu, wanataka mtu wa kumuuliza swali leo. Kuna msiba Mbau, majeneza ni mengi kuliko mabega, na mjane anataka kuona uso. Suplea wa kwanza ndiye uso huo. Hana mshahara wa bunge, hana gari la serikali, lakini atasimama pale. Kabla ya kumwandika, fuatilia kimya kimya: mwaka jana alikwenda kwenye misiba mingapi isiyo ya ukoo wake? Alikuwa wapi siku za mji kufungwa? Akisimama anazungumza au anahutubia?

Sasa nenda kwake. Nazungumzia yule uliyemshinda, maana hata usipomwandika lazima uende. Usimpigie simu na usimtumie kijana wa kampeni. Tafuta mzee ambaye nyote wawili mnamwita baba, au mama mkubwa wa ukoo, au mchungaji au padri asiye na mgombea, akaombe mlango. Nenda jioni, bila msafara, bila kofia ya chama. Mkewe akileta chai, kunywa. Ukae chini ya mzee aliyekuleta, si pembeni ya mwenye nyumba kama mliolingana. Mwache aseme kwanza, na atasema mengi: fedha alizotumia, fulana alizochapisha, watu wa otorite morali, kigogo wa chama kule Kinshasa, waliomwahidi wakamgeuka. Usijibu neno kwa neno. Kama kuna lililo kweli, likubali kwa jina lake: "Yaya, tangazo lile la redio lilitoka kwangu, nilikosea." Neno yaya uliseme tu kama kweli ni mkubwa wako, huku heshima ya uongo inasikika haraka kuliko tusi.

Siku ya kwanza usimpe kitu. Hata usuplea usiutaje. Muombe ruhusa ya kurudi. Ukimwekea nafasi mezani jioni ile ile, atajua ulikuja kununua, na watu wake waliojazana uani wataanza kupiga bei. Mara ya pili rudi na wenzako wawili, naye awe na wake wawili, hasa wale walioimba kwa ukali zaidi. Hapo ndipo Geneva iliposhindwa: waleteni wenye hasira chumbani. Deni la fulana na petroli ataliwasilisha. Kulipa madeni yake yote si wajibu wako, na ukianza hutamaliza. Lakini kazi zake zilizobaki, vikundi alivyoviunda kwenye kila kartie, vipokee na viongozi wake wakiwa na majina yao, usiviweke chini ya wapwa zako.

Mkikubaliana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha. Nani wa kwanza, nani wa pili. Ukiteuliwa serikalini nini kinatokea, na ukirudi nini kinatokea. Nani anasimamia ofisi ya Butembo au Beni na inalipiwa na nini. Nani anazungumza na waandishi wa habari ukiwa Kinshasa. Mkigombana mnakwenda kwa nani kabla ya kwenda redioni. Yapo mambo mawili ya kukataa kabisa hata yakiletwa kwa tabasamu: barua ya kujiuzulu iliyotiwa sahihi bila tarehe, na kugawana muhula nusu kwa nusu kama shamba la kukodi. Wananchi hawajaulizwa, na barua isiyo na tarehe itakaa kwenye droo ya mtu mpaka siku utakapotaka kupiga kura usiyotakiwa kuipiga.

Nafasi ya pili usiitupe. Wengi wanamwandika yeyote, dereva, jirani, ili fomu ijae. Mimi ningemweka hapo mwanamke kijana aliyehitimu chuo, UCG au ISP, mwenye miaka 25 iliyotimia kama sheria inavyotaka, na ningemfundisha kazi tangu siku ya kwanza. Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale na wa tatu ni Kasereka, hata wakimzidi akili Paluku, yule wa kwanza. Jina linataja zamu ya kuzaliwa tu. Waeleze wote wawili hivyo, mbele ya watu, siku ya kuwatambulisha. Na siku hiyo muwe watatu jukwaani, mpinzani wa jana akizungumza kabla yako, kwa muda anaotaka, bila kukatwa na muziki.

Kinachobaki ni karatasi. Linganisha majina na kadi za mpiga kura herufi kwa herufi, maana Kavira anaweza kuandikwa Kabira, na Kahindo akasahaulika jina la tatu. Hakikisha hakuna suplea wako aliyekwisha kujaza fomu ya mgombea mwingine kwa ajili ya urafiki. Nendeni nyote watatu kwenye ofisi ya CENI ya kupokea wagombea, siku mbili kabla ya mlango kufungwa, si jioni ya mwisho wakati umeme umekatika na foleni imefika barabarani. Mkipewa risiti, pigeni nakala tatu. Ya kwanza mpelekee yule mzee aliyewaombea mlango.